KIDONGE KIMOJA, DAWA MBILI

Mazungumzo ya mfamasia na wananchi kuhusu vidonge vya parasetamoli vilivyochanganywa na kodeini



Nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kwa kuwa wengi wenu mmeitikia ombi lililokuwamo katika tangazo la mkutano, la kuja na dawa zote za maumivu mlizonazo nyumbani. Naiona mifuko hiyo mapajani mwenu. Tafadhali isifunguliwe kwanza, tutaifikia.

Nimeombwa nizungumze juu ya dawa moja, nanyi mtaniwia radhi nikianza kwa kusema kwamba dawa hiyo si moja. Kidonge ninachokikusudia ni kile ambacho mtu huandikiwa baada ya kung'olewa gego, akivunjika mkono, akishonwa jeraha kubwa au akitoka katika chumba cha upasuaji. Ndani yake mna parasetamoli na mna kodeini. Anaye ndugu wa karibu, ambaye ni kidonge cha parasetamoli na tramadoli, na mengi nitakayoyasema yanamhusu na yeye. Palipo na tofauti nitaitaja. Wengi wenu mnavijua vidonge hivi kwa majina ya biashara yaliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi. Majina hayo ni mengi na hubadilika, kwa hiyo leo sitayataja. Nitawaomba mzoee kusoma maandishi madogo yaliyo chini yake, kwa kuwa hayo ndiyo yanayosema kilichomo.

Parasetamoli haihitaji kutambulishwa. Hakuna nyumba katika mji huu isiyokuwa nayo, iwe kwa jina lake au kwa jina la Panadol. Kodeini ni mgeni zaidi, ingawa ukoo wake ni wa kale. Asili yake ni utomvu wa mmea uitwao mpopi, utomvu ambao ukikauka huitwa afyuni, na katika Kiswahili cha zamani afyuni ilikuwa na jina jingine, kasumba. Siku hizi neno hilo tunalitumia kwa maana ya fikra zilizomganda mtu kichwani asiweze kuziacha, nami naona lugha yetu haikukosea ilipolihamisha hivyo. Mofini hutoka katika utomvu huohuo. Mwaka 1832 mkemia Mfaransa, Pierre Robiquet, aliitenga kodeini, na tangu hapo imetumika duniani kote kwa maumivu na kwa kikohozi.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 1986 mwongozo wake wa kutibu maumivu ya saratani, liliyapanga matibabu kama ngazi yenye vidato vitatu. Kidato cha chini ni parasetamoli na dawa za namna ya aspirini. Kidato cha juu ni mofini. Kodeini iliwekwa kidato cha katikati, kwa maumivu ya wastani: yale yanayokunyima usingizi na kukushinda ukiwa na parasetamoli peke yake, lakini hayajafikia kiasi cha kuhitaji mofini. Kuzichanganya dawa hizi mbili katika kidonge kimoja kuna maana yake. Kodeini hufanya kazi katika ubongo na uti wa mgongo kwa njia yake, parasetamoli kwa njia nyingine, na zikiwa pamoja hutuliza zaidi ya kila moja ikiwa peke yake, kwa kiasi kidogo cha kila moja.

Nasema haya mapema ili nisieleweke vibaya. Sikuja hapa kuwatisha. Mtu mwenye maumivu ana haki ya kutulizwa, na nimekwisha kuona wagonjwa wakiteseka bure kwa sababu jamaa zao walisikia neno "afyuni" wakakimbia. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wagonjwa hupewa mofini ya maji ya kunywa, na huwarudishia utu wao. Tatizo la kidonge chetu ni jingine: kina mipaka miwili, na mtumiaji huuona mmoja tu, pengine hauoni hata mmoja.

Niwape kisa, na kisa chenyewe kinanihusu.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Miaka kadhaa iliyopita aliteleza kisimani akavunjika mkono. Hospitali wakamfunga plasta na kumwandikia vidonge vya parasetamoli na kodeini. Cheti kililetwa katika famasi niliyokuwa nikifanya kazi, na ni mimi niliyemhesabia vidonge, nikavitia katika bahasha ndogo, nikaandika juu yake 2 x 3. Nikamwambia, "Shangazi, viwili kutwa mara tatu." Akanijibu, "Haya, baba." Akaondoka. Sikumwuliza swali moja ambalo kila mfamasia hufundishwa kuliuliza: nyumbani una dawa gani nyingine?

Alikuwa nazo. Jirani yake, mwanamke mwema ambaye mpaka leo simlaumu, alimpa vidonge vilivyombakia vya maumivu ya mgongo. Hivyo vilikuwa diklofenaki iliyochanganywa na parasetamoli, na shangazi akawa anameza kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja jioni. Usiku mwili ukimchoma, alimeza Panadol mbili kwa ajili ya homa, na alfajiri mbili nyingine. Hesabuni pamoja nami. Vidonge 6 vyangu, kila kimoja parasetamoli miligramu 500: 3,000. Vidonge 3 vya jirani, kila kimoja 500: 1,500. Panadol 4: 2,000. Jumla miligramu 6,500 kwa siku, kwa mwanamke mzee mwenye kilo 45, ambaye kwa kichefuchefu cha kodeini alikuwa hali chochote zaidi ya uji.

Siku ya tano alianza kutapika. Nyumbani wakasema ni malaria. Siku ya sita macho yakawa ya njano, akapelekwa hospitali, akalazwa siku 11. Alipona, namshukuru Mungu. Mpaka leo nikimwamkia huitikia marahaba, kisha huniuliza kama wateja wa siku hiyo nimewauliza.

Jambo ninalotaka mlione katika kisa hiki ni kwamba hakuna hata kidonge kimoja alichokimeza kinyume cha maelekezo yake. Vyangu vilikuwa sawa na cheti. Vya jirani vilikuwa sawa na boksi lake. Panadol mbili kila baada ya muda ni jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya. Kila dawa ilikaa ndani ya mpaka wake, na mwili ukavuka mpaka wa zote.

Mpaka wenyewe ni huu. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kutosha asizidishe gramu 4 za parasetamoli katika saa 24, ambazo ni vidonge 8 vya miligramu 500. Hesabu hiyo ni ya parasetamoli yote, kutoka kidonge chochote, cha mafua, cha mgongo, cha kichwa au cha hospitali. Kwa mtu mzee, mwembamba, asiyekula vizuri, anayekunywa pombe mara kwa mara au mwenye ugonjwa wa ini, kiasi kinachofaa ni pungufu ya hapo, na daktari au mfamasia ndiye wa kukitaja.

Sababu ya mpaka huo iko katika ini. Sehemu kubwa ya parasetamoli huondolewa na ini bila madhara, lakini sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu. Ini lina akiba ya kuizimua sumu hiyo mara moja. Akiba hiyo huisha upesi kwa mtu asiyekula, na ikiisha, sumu hugeukia chembechembe za ini lenyewe. Ubaya wake ni ukimya. Siku ya kwanza mtu huweza kuhisi kichefuchefu tu au asihisi kitu. Siku ya pili huweza hata kujiona amepata nafuu. Madhara hujionyesha baadaye: maumivu chini ya mbavu za kulia, kutapika, macho ya njano. Dawa ya kuipinga sumu hiyo ipo, nayo ni asetilisisteini, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 baada ya kumeza kiasi kikubwa. Anayesubiri mpaka augue amekwisha kuupoteza muda huo.

Hapa nina neno juu ya lugha yetu ya dukani. Tunasema "kutwa mara tatu". Lakini kutwa, kama wazee mnavyojua, ni tangu kuchwa... nimekosea, ni tangu kucha hadi kuchwa, usiku haumo. Kwa hiyo wako wanaozibana dozi zote tatu kati ya chai ya asubuhi na jua kuzama, kisha usiku maumivu yakirudi huongeza ya nne. Mimi siku hizi nasema "kila baada ya saa nane", na nataja saa zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Wakati wa mfungo wa Ramadhani wako wanaomeza kati ya futari na daku dozi zote walizozikosa mchana, na hilo ni jambo la hatari. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Asiyetaka kuitumia, na aje tuzungumze juu ya dawa itakayofaa saa zake.

Sasa nije kwenye nusu ya pili ya kidonge.

Kodeini nayo ina viwango vyake vilivyoandikwa. Kidonge kimoja huweza kuwa na miligramu 8 za kodeini, kingine 15, kingine 30, ilhali vyote vina parasetamoli 500 na maboksi yake yanafanana kama mapacha. Aliyezoea kumeza viwili vya kwanza, akiazimwa viwili vya mwisho, amemeza kodeini karibu mara nne. Kisha liko jambo la ajabu zaidi. Kodeini yenyewe ni dhaifu. Nguvu yake hutokana na ini kuigeuza sehemu yake kuwa mofini, na kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya ambacho tumekirithi kutoka kwa wazazi wetu, wala hatukukirithi sawa. Kuna watu ambao ini lao haliigeuzi kabisa; hao watameza na kumeza wasipate nafuu. Kuna wengine ambao huigeuza kwa kasi kubwa, na kwao kidonge cha kawaida ni kama kipimo kikubwa cha mofini.

Katika maelezo rasmi ya kodeini yanayotolewa barani Ulaya mna orodha ya makundi ya watu na kiasi cha wenye kasi hiyo. Watu wa Ulaya ya Kaskazini ni asilimia 1 hadi 2. Ethiopia imetajwa kwa asilimia 29. Mamlaka ya dawa ya Marekani nayo imewataja Waarabu, Waethiopia na watu wa Afrika ya Kaskazini kuwa miongoni mwa walio wengi katika kundi hilo. Mtu asiyeujua uso wa pwani yetu angesoma tarakimu hizo akapita. Sisi ambao bibi mmoja alitoka Hadhramaut na babu mwingine Digo tuna sababu ya kusoma mara mbili. Hakuna alama usoni ya kumtambulisha mwenye ini la kasi. Hutambulika kwa kusinzia kupita kiasi baada ya kidonge kimoja au viwili, kuchanganyikiwa, kupumua polepole, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hali hiyo ikionekana, dawa isimezwe tena na mtu apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kwa sababu hiyohiyo, akina mama, naomba mnisikilize juu ya watoto. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliiondoa kodeini katika mwongozo wake wa kutibu maumivu ya watoto. Mwaka 2013 Ulaya ilizuia isitumiwe kwa maumivu ya watoto walio chini ya miaka 12, na mwaka 2017 Marekani ikazuia kodeini na tramadoli pia kwa watoto wa umri huo. Zuio hilo halikutokana na nadharia. Kuna watoto waliolala wasiamke, hasa baada ya upasuaji wa kuondoa mafindofindo, na kwa hao waliofanyiwa upasuaji huo katazo linafika hadi chini ya miaka 18. Najua nyumbani mambo yalivyo. Mtoto mwenye selimundu akilia usiku, mzazi hukitazama kidonge chake mwenyewe, akakikata nusu, kisha robo. Robo ile haina kipimo. Kwa mtoto wa selimundu omba kliniki ikuandikie mapema dawa yake ya maumivu, iwemo ndani kabla usiku huo haujafika. Mama anayenyonyesha naye asiitumie kodeini, kwa kuwa mofini hupita katika maziwa, na mtoto mchanga hana uwezo wa kuiondoa. Mjamzito na aulize kwanza.

Kuhusu kuichanganya na vitu vingine, nitasema kwa ufupi lakini msilichukulie kwa wepesi. Kodeini na tramadoli hupunguza kasi ya upumuaji. Pombe hufanya hivyo pia. Valium hufanya hivyo. Piriton na dawa nyingine za mzio zinazoleta usingizi huongeza usingizi juu ya usingizi, na baadhi ya vidonge vya maumivu vimekwisha kutiwa dawa ya namna hiyo ndani yake, hivyo anayemeza Piriton kwa mafua juu yake hajui kuwa anaongeza. Mwenye kifafa asimeze tramadoli bila daktari kujua, maana huweza kumletea degedege. Na anayetumia dawa za sonona aseme kabla ya kuandikiwa. Mwenye pumu kali aseme. Anayetumia dawa za kifua kikuu aseme pia, kwa kuwa rifampisini huweza kuipunguza nguvu kodeini, na mgonjwa akadhani kipimo hakitoshi.

Vijana wa bodaboda, nawaona pale nyuma. Kidonge hiki kinaleta usingizi na kuchelewesha mkono. Ukimeza asubuhi, acha funguo nyumbani mpaka uone kinavyokutenda. Haidhuru abiria akikusubiri.

Kufunga choo ni karibu sharti la dawa hii. Maji mengi, papai, mboga za majani, ugali wa dona. Ikizidi siku tatu, uje.

Mpaka wa siku ndio unaopuuzwa kuliko yote. Uingereza, ambako vidonge vyenye kodeini kidogo huuzwa bila cheti, tangu mwaka 2009 maboksi yake yanalazimika kuandikwa kwamba dawa huweza kuleta uraibu na kwamba itumike kwa siku 3 tu. Australia ilikwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 1 Februari 2018 hakuna kidonge chenye kodeini kinachouzwa huko bila cheti cha daktari. Siku tatu ni kipimo kizuri cha kujipima. Jeraha linalopona huuma kidogo zaidi kila siku. Maumivu yasiyopungua siku ya tatu yanasema kitu, usaha, mfupa uliokaa vibaya, jino lililoachwa mzizi, na kuongeza kidonge ni kuyaziba mdomo yasiseme. Rudi kwa aliyekutibu.

Anayeendelea majuma na miezi huzoea. Vidonge viwili havimtoshi tena, huhitaji vitatu. Hapo ndipo nusu mbili za kidonge zinapomgeuka kwa pamoja: anaifuata kodeini, na kila hatua anabeba parasetamoli asiyoihitaji, mpaka ini linaposhindwa. Nimewahi kumhudumia mtu mwenye cheo chake na heshima zake ambaye alikuwa akizunguka famasi nne ili pasiwe na mmoja wetu atakayejua jumla. Hakuwa mhuni. Alianza na maumivu ya kichwa. Kichwa nacho kina hila yake, kwa sababu mtu anayemeza vidonge hivi siku 10 au zaidi kila mwezi, kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu, huweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe; akimeza hutulia, kikimwisha mwilini huuma tena. Aliyefikia hapo asiache ghafla peke yake, kwani atapata jasho, kuhara, wasiwasi na kukosa usingizi, na kwa mateso hayo atarudi. Aje apunguziwe polepole. Famasi ina chumba cha kuzungumzia faragha. Asiyekiona na aombe.

Ikitokea mtu amemeza kupita kiasi, kwa kukosea au kwa kukusudia, msimpe maziwa. Najua ndilo jambo la kwanza linalofanywa. Maziwa hayaizuii parasetamoli wala kodeini, na mtu mwenye usingizi mzito huweza kuyavuta yakaingia mapafuni. Msimtapishe. Mlazeni kwa ubavu, hakikisheni anapumua, na mpelekeni hospitali hata kama anasema yu mzima, pamoja na maboksi na karatasi zote za vidonge ili daktari ajue alichomeza na kiasi gani. Hospitali ina naloksoni kwa ajili ya kodeini na asetilisisteini kwa ajili ya parasetamoli. Hayo ni matibabu mawili tofauti. Anayezinduka kwa la kwanza bado anahitaji kuangaliwa kwa la pili.

Nimalize na wasafiri, maana pwani yetu haikosi wanaokwenda Ghuba kufanya kazi au kuwatembelea ndugu. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu kodeini na tramadoli zimo miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa, na msafiri hutakiwa kuomba kibali kutoka kwa mamlaka za huko kabla ya kuondoka. Vidonge vichache vilivyofungwa katika pindo la kanga, bila boksi wala cheti, huweza kukuletea matatizo makubwa uwanjani. Bebeni dawa katika boksi lake, lenye jina lenu, pamoja na nakala ya cheti. Na wala msikubali kumbebea mtu dawa, hata akiwa nani yenu. Nyumbani nako kanga si mahali pake. Kidonge kikitoka katika karatasi yake kimepoteza jina, nguvu na tarehe ya mwisho wa matumizi, na mtoto akikiokota hukiona pipi. Vibaki ndani ya boksi, juu, penye kufuli. Vilivyobaki baada ya kupona virudishwe famasi. Msivihifadhi kwa ajili ya jirani.

Dawa hii huuzwa kwa cheti cha daktari, katika famasi yenye mfamasia. Anayekuuzia bila cheti kwa kuwa umemwomba "dawa kali" hakukufanyia hisani. Nanyi mkija na cheti, msione ni utovu wa adabu tukiwauliza maswali mengi. Tusipouliza, tuambieni wenyewe: nina hiki na hiki nyumbani, nina ujauzito, ninanyonyesha, ninakunywa.

Mwenyekiti, nadhani saa imefika ya kufungua mifuko. Naomba kila mmoja atoe dawa zake zote na kuziweka mbele yake, bila kuona haya, na atafute chini ya jina kubwa maneno mawili tu: parasetamoli, na kodeini au tramadoli. Kwenye boksi yatakuwa yameandikwa kwa tahajia ya kigeni. Nimeyaandika ubaoni kama yanavyoonekana. Kila penye parasetamoli tia alama moja kwa kalamu hizi tulizogawa, na kila penye kodeini au tramadoli tia alama mbili. Kisha tuhesabu miligramu. Tuanze na mama aliyeko mstari wa mbele, mwenye kanga ya kijani. Shikamoo mama. Hiyo bahasha isiyoandikwa kitu, uliipata wapi?